Majengo: darasa lililowafunza madaktari wa dunia

Msomaji, Jumanne ya juma lililopita kijana mmoja wa bodaboda aliingia katika kliniki yangu akiwa hana ugonjwa wowote. Alilipa ada kama wagonjwa wengine, akaketi, akaweka helmeti yake sakafuni, kisha akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya kuomba ridhaa yake ashiriki katika utafiti wa dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kurasa zote ziliandikwa kwa Kiingereza kile ambacho hata mwanasheria angekisoma mara mbili.

"Daktari," akaniuliza, "hawa watu wanataka kunisaidia ama wanataka kunifanya panya wao?"

Nilimwambia aniachie fomu hiyo, arudi Alhamisi. Sikutaka kumjibu kwa haraka kwa sababu swali lake si la kipumbavu. Wagonjwa wengi huniuliza swali hilo hilo kwa maneno mengine, na bila shaka nawe umewahi kujiuliza: vyuo vikuu vyetu vina maprofesa, maabara na vyeti vya kutosha kujaza chumba, je, mtu wa kawaida anayepanda matatu asubuhi amefaidika na nini? Na yule anayetoa damu yake kwa ajili ya utafiti, hupata nini?

Ili nimjibu kijana huyo, na wewe pia, itabidi nikupeleke Majengo.

Wengi wenu mnapajua. Ni mtaa wa Pumwani, mashariki mwa katikati ya Nairobi, si mbali na Gikomba. Nyumba nyingi ni za kale, za udongo na mabati, na kwa miaka mingi baadhi ya wanawake wamekaa kwenye vibarazani vyake wakisubiri wateja. Watu walikuwa wakipita hapo wakitazama kando. Mnamo 1980 wapo madaktari waliokataa kutazama kando.

Mambo yalianza na ugonjwa ambao vijana wa leo hawaujui. Unaitwa shankroidi, yaani vidonda laini vya sehemu za siri vinavyoletwa na bakteria. Siku hizo vidonda hivyo vilikuwa tele Nairobi, na dawa zilizokuwapo zilikuwa zikishindwa. Profesa Herbert Nsanze, aliyekuwa mkuu wa idara ya mikrobiolojia ya tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alitafuta mtu wa kusaidiana naye. Huko Winnipeg, Kanada, ugonjwa huo huo ulikuwa umezuka katika miaka ya 1970, na Profesa Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba alikuwa amejifunza kuwaotesha bakteria wake katika maabara, kazi ambayo si rahisi hata kidogo. Ronald akaja Nairobi. Baadaye akafuata daktari kijana aliyeitwa Frank Plummer, ambaye alifanya kazi hapa kwa miaka mingi.

Angalia jambo hili, msomaji. Profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi ndiye aliyeona tatizo na kuomba msaada. Nalisema kwa sababu hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianzia uwanja wa ndege, mgeni aliposhuka na mkoba wake.

Watafiti hao walitaka kujua vidonda hivyo vinatoka wapi, na wagonjwa wa kiume wakawaelekeza Majengo. Wakaenda. Wakafungua kliniki ndogo ambamo wanawake walitibiwa magonjwa ya zinaa bila malipo, wakahojiwa, na wakatoa damu kidogo. Damu iliyobaki haikumwagwa. Iligandishwa katika friji za maabara, kila chupa na nambari yake.

Naomba nisimame kidogo hapo kwenye friji. Tulipokuwa wanafunzi wa udaktari, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulichoka na wahadhiri waliotufokea kuhusu lebo. Tarehe iko wapi? Nambari ya mgonjwa iko wapi? Tuliona ni ukali wa bure tu. Lakini mwaka 1985, kipimo cha virusi vya Ukimwi kilipopatikana, ni lebo hizo zilizosema ukweli. Katika utafiti uliochapishwa 1986, wanawake 90 waliofanya biashara ya ngono hapa Nairobi walipimwa. Miongoni mwa wale wa kipato cha chini, asilimia 66 walikuwa na virusi. Miongoni mwa wale wa kipato cha juu zaidi, asilimia 31. Kisha watafiti wakarudi kwenye friji, wakapima damu ya zamani. Mwaka 1981 wenye virusi miongoni mwa wanawake wa biashara hiyo walikuwa asilimia 4 tu. Kufikia 1985 walikuwa asilimia 61.

Kutoka 4 hadi 61 kwa miaka minne! Wakati huo wengi katika nchi hii walidhani Ukimwi ni ugonjwa wa Wazungu, au wa mashoga wa Marekani, au porojo tu za magazeti. Damu ya Majengo ilionyesha kwamba moto ulikuwa umeshaingia nyumbani, na kwamba ulipita baina ya mwanamume na mwanamke. Bila lebo zile tungebaki kubishana kwa miaka mingine mingi, na ubishi wa aina hiyo huzikwa pamoja na watu.

Sasa daktari amejua. Afanye nini? Hapa ndipo alipoingia marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, aliyekuwa muuguzi kwa taaluma kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mama huyu aliitisha baraza. Hakuwaita wanawake wa Majengo ili awakemee. Aliketi nao akawaeleza walichokuwa nacho katika damu, namna kinavyoenea, na namna mpira wa kondomu unavyokizuia. Wakachagua viongozi wao wenyewe wa kuwafundisha wenzao. Wakakubaliana kwamba mteja akimkuta mmoja akakataliwa bila mpira, asipokewe na jirani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet la Uingereza: matumizi ya kondomu yalikuwa yamepanda sana, na maambukizi mapya yakapungua kwa waliozitumia.

Mimi husema kwamba katika yote yaliyofanywa na chuo hicho, hili ndilo lililookoa maisha mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Halikuhitaji mtambo. Lilihitaji mtu anayejua kuongea na watu bila kuwadharau, somo ambalo nasikitika kusema halikuwa na mtihani tulipokuwa shuleni.

Kliniki hiyo na nyingine ya magonjwa ya zinaa jijini ziliendelea kuzaa maswali. Moja lilihusu wanaume. Watafiti waliwafuatilia wanaume 293 waliokuja kutibiwa magonjwa ya zinaa, ambao hawakuwa na virusi vya Ukimwi walipoanza. Wanaume 24 kati yao walipata virusi baadaye. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na vidonda na kwa wale ambao hawakutahiriwa. Matokeo hayo ya 1989 yalizusha kelele. Wengine walisema ni mambo ya mila yanayovalishwa koti la daktari.

Njia ya kumaliza ubishi ni majaribio, na majaribio hayo yalifanyiwa Kisumu. Waliongoza kwa pamoja watafiti wa vyuo vikuu vya Illinois huko Chicago, Manitoba na Nairobi, akiwamo Profesa Jeckoniah Ndinya-Achola wa idara ile ile ya mikrobiolojia. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walijitolea. Kwa bahati nasibu, nusu walitahiriwa mara moja na nusu wakaambiwa wangoje miezi 24. Desemba 2006 kazi ilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi: waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na wasiotahiriwa 47. Uganda nayo ilipata matokeo kama hayo, na Afrika Kusini ilikuwa imetangulia. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya hiari kama njia mojawapo ya kinga.

Sababu yake si uchawi. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, huchubuka kwa urahisi, na imejaa aina ya chembe ambazo virusi hivi huzitafuta. Ikiondolewa, mlango mmoja umefungwa. Mlango mmoja tu, tafadhali. Kila mwezi hukutana na barobaro anayeamini kwamba kwa kuwa alipashwa tohara, hahitaji mpira. Rudia hesabu ya Kisumu: wale 22 pia walikuwa wametahiriwa.

Sasa nije kwenye jambo lililoitia Majengo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Kuanzia 1985 hadi 1994, wanawake 424 wasiokuwa na virusi waliandikishwa Majengo na kufuatiliwa. Wakati huo hapakuwa na dawa za kupunguza makali. Wanawake 239 kati yao waliambukizwa. Hiyo ndiyo habari ya huzuni, na haikumshangaza yeyote. Kilichoshangaza ni kikundi kidogo kilichobaki. Mwaka baada ya mwaka wanawake hao walikuja kliniki, wakapimwa, na majibu yakawa yale yale: hakuna virusi. Makala iliyotoka 1996 iliwahesabu 43. Walikuwa wakikutana na hatari ile ile ya wenzao, na baadhi yao kwa muda mrefu kuliko wenzao waliokwisha kufa.

Dhana ya kwanza ya kila mtu ilikuwa kwamba labda walitumia mipira zaidi. Hesabu zilikataa. Labda walikuwa na bahati? Hesabu zilikataa tena: kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa ulivyozidi kupungua. Bahati haifanyi hivyo. Ukitupa sarafu mara kumi ikaanguka upande mmoja, mara ya kumi na moja haina kumbukumbu ya zile kumi. Miili ya wanawake hawa ilikuwa na kumbukumbu.

Damu yao ilichunguzwa na wanasayansi wa Nairobi, Manitoba na Oxford. Waliona nini? Mwili wako, msomaji, una askari wa aina nyingi. Wapo wanaotengeneza silaha zinazoelea katika damu na kuwashika wavamizi. Hizo silaha ndizo tunazozitafuta katika kipimo cha kawaida cha Ukimwi. Wapo pia askari wauaji, chembe nyeupe zinazopita nyumba kwa nyumba zikikagua, na zikikuta chembe ya mwili iliyokwisha kuingiliwa na virusi, huiua pamoja na kilichomo. Katika baadhi ya wanawake hawa askari wauaji walikutwa tayari wanavitambua virusi vya Ukimwi, ilhali wanawake wenyewe hawakuwa navyo. Ni kama kukuta mtu anayejua sura ya mwizi ambaye hajawahi kuingia kwake. Maana yake ni kwamba virusi vilibisha hodi mara nyingi vikafukuzwa mlangoni.

Unaweza kufikiri jinsi habari hiyo ilivyopokewa. Ikiwa mwili unaweza kujifunza kuvifukuza, basi huenda chanjo ingeweza kuufundisha. Nairobi na Oxford, kwa ufadhili wa shirika la kimataifa la chanjo ya Ukimwi, IAVI, wakatengeneza chanjo ya kuamsha askari wauaji hao, iliyolenga aina ya virusi iliyoenea zaidi Kenya. Upande wa Nairobi uliongozwa na Profesa Job Bwayo, na Profesa Omu Anzala akiwa miongoni mwa wenzake. Mwaka 2000 mambo yaliingia dosari: ilijulikana kwamba hataza ya chanjo hiyo ilikuwa imeombwa Uingereza bila Wakenya kutajwa. Magazeti yalichacha, na mwishowe pande hizo zikafikia maafikiano ya kugawana haki. Nadhani watafiti wetu walifanya vyema kupiga kelele. Kazi ya sayansi ina jasho, na jasho lina mwenyewe.

Mapema 2001 Mkenya wa kwanza wa kujitolea alidungwa chanjo hiyo. Nakumbuka sisi wanafunzi tukinong'onezana kwenye kantini kwamba wanadungwa Ukimwi. Naam, wanafunzi wa udaktari! Haikuwa kweli wala haikuwezekana, kwani chanjo hiyo haikuwa na virusi vinavyoweza kuambukiza. Ilikuwa na vipande tu vya taarifa zake. Mwaka 2004 matokeo yalitangazwa. Chanjo ilikuwa salama, lakini haikuamsha kinga ya kutosha. Ikaachwa. Februari 2007 Profesa Bwayo aliuawa kwa risasi na majambazi jijini Nairobi. Hadi leo ninapoandika, dunia haina chanjo ya Ukimwi.

Lipo somo jingine walilotoa wanawake hao, chungu, ambalo halitajwi sana. Miaka ilipopita baadhi ya wale walioonekana kuwa na kinga waliambukizwa. Watafiti walipochunguza, mwaka 2001, waliona kwamba jambo hilo lilitokea zaidi kwa waliopunguza biashara au waliopumzika kwa muda. Ndiyo, umesoma sawa. Askari wa mwili, walipokosa kukutana na adui, walisahau sura yake. Mwanamke aliporudi kazini, mlango ulikuwa hauna mlinzi. Mwanamke anajitahidi kuacha, pengine ameenda nyumbani mashambani kulima au kumuuguza mzazi, na pumziko hilo ndilo linalomponza. Kisayansi, jambo hili liliwaambia watengenezaji wa chanjo kwamba kuamsha askari hakutoshi, lazima waendelee kukumbushwa. Kibinadamu, sijui kama kuna aliyeweza kumweleza mwanamke huyo kwa maneno yasiyomvunja moyo.

Idara nyingine za chuo hicho hazikulala. Katika idara ya watoto, Profesa Ruth Nduati pamoja na wenzake, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, walilikabili swali lililowatisha wengi: je, maziwa ya mama huleta virusi, na kwa kiasi gani? Akina mama 425 wenye virusi walikubali kugawanywa, wengine wanyonyeshe na wengine wawape watoto maziwa ya kopo, wakiwa na maji safi na mafunzo ya kuyatayarisha. Watoto walipofika miaka miwili, walioambukizwa katika kundi la kunyonya walikuwa asilimia 36.7, na katika kundi la kopo asilimia 20.5. Lakini vifo vya watoto katika makundi yote mawili vilikaribiana, kwani kopo nalo lina maradhi yake. Utafiti huo wa 2000 uliwalazimisha madaktari kuacha ushauri wa mkato.

Mama unayenisoma ukiwa na virusi, usiufuate utafiti huo wa zamani ukakimbilia kopo. Mambo yamebadilika. Leo mama anayemeza dawa zake za ARV kila siku, virusi vikawa vimedhibitiwa, anashauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji, kisha aendelee kunyonyesha huku akimpa vyakula vingine. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga. Zungumza na kliniki yako kabla ya kujifungua.

Na vidonge vya kinga ambavyo vijana huvijua kwa jina la PrEP navyo vina mkono wa vyuo vyetu. Katika utafiti mmoja mkubwa, wanandoa zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, ambapo mmoja ana virusi na mwenziwe hana, walifuatiliwa katika vituo tisa, vikiwamo vya Thika, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 kwa waliopewa dawa moja, na 75 kwa waliopewa mbili zilizounganishwa. Mwaka 2017 serikali ilianza kutoa vidonge hivyo kote nchini.

Sasa nirudi kwa lile la panya. Wanawake wa Majengo walipata nini?

Walipata matibabu ya bure ya magonjwa ya zinaa tangu mwanzo, na hilo si dogo kwa mtu ambaye angechelewa kwenda hospitali kwa aibu. Walipata mtu wa kuwasikiliza. Dawa za ARV zilipoanza kumiminika nchini katika miaka ya 2000, kliniki hizo zikawa mahali pa kuzipata. Lakini kwa takriban miaka ishirini kabla ya hapo, mamia yao waliambukizwa na wengi wakafa huku chupa zao zikibaki katika friji. Vyeo vilipandishwa kwa damu hiyo, shahada za uzamifu zikapatikana, za Wakenya na za wageni. Februari 2020 vyuo vya Nairobi na Manitoba viliadhimisha miaka 40 ya ushirikiano wao hapa jijini, na Frank Plummer, aliyekuja kwa sherehe hizo, akafia papa hapa Nairobi. Jina lake limeandikwa, na anastahili. Ya wale 424 hayajaandikwa popote. Najua ni kwa ajili ya kuwalinda, na mimi mwenyewe singeyaandika. Hata hivyo jambo hilo hunisumbua.

Si watafiti wote walio kama hao. Nikiwa daktari wa mafunzo katika hospitali moja ya mashambani, alikuja mtafiti na timu yake, wakatoa damu ya wagonjwa wa wadi nzima kwa siku tatu, wakaondoka. Kwa miezi mingi wagonjwa waliniuliza majibu yao. Nilipiga simu hadi nikachoka. Bibi mmoja aliacha kuniuliza, akawa ananitazama tu, na lile jicho ndilo lililonifanya niisome kila fomu ya ridhaa inayopita mikononi mwangu.

Na kuna suala la fedha. Karibu yote niliyokueleza yalilipiwa na wafadhili wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, tafiti nyingi Afrika zilikwama ghafla, na kliniki nyingi zilizotegemea fedha hizo zilifunga milango, nyingine kwa muda. Sisi wenyewe tuna sheria ya 2013 inayosema asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Hatujawahi kuifikia. Mtoto anayelishwa na jirani hawezi kuchagua mboga, na profesa anayelipwa na mgeni atajibu maswali ya mgeni kwanza, hata akiwa mzalendo wa namna gani.

Alhamisi kijana wangu alirudi. Nilikuwa nimeisoma fomu yake yote, kurasa kumi na moja. Ilikuwa na nambari ya idhini ya kamati ya maadili, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wewe pia unapaswa kulitafuta. Pasipo idhini hiyo, simama uende zako. Ilieleza dawa inayojaribiwa na yale yanayojulikana kuihusu. Ilisema anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Ilisema nauli atakayorudishiwa ni kiasi gani. Nilimwambia mambo matatu hayakuwa wazi kwangu: akiumia kwa sababu ya dawa, nani atalipa hospitali, na kwa muda gani? Damu itakayobaki itawekwa wapi, na inaweza kutumwa nje ya nchi? Na dawa ikionekana kufaa, ataendelea kuipata utafiti ukiisha?

"Na mimi nina la nne," akasema. "Kwa nini haijaandikwa kwa Kiswahili?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, kwa sababu mimi sikulifikiria. Ridhaa ni lazima itolewe katika lugha anayoielewa mtu. Hiyo ni kanuni, wala si hisani. Tukapiga simu kwa nambari iliyokuwa ukurasa wa mwisho. Dada aliyepokea alijibu kwa adabu. Alisema fomu ya Kiswahili ipo, alipaswa kupewa tangu mwanzo, na maswali yale mengine matatu atajibiwa na daktari wa utafiti ana kwa ana akifika.

Kijana alizikunja karatasi zake, safari hii mara mbili tu, akachukua helmeti. Nilimuuliza kama ataenda.

"Nitaenda kuuliza kwanza, Daktari," akasema. "Kutia sahihi ni baadaye."